Nyumba ya Mkomani, Maulidi ya Langoni

Bibi yangu mzaa mama aliingia nyumba nyingi za mawe za Mkomani, mjini Lamu, na karibu zote aliziingia kwa shughuli. Alikuwa mpishi wa harusi. Jiko la nyumba hizo liko juu darini, chini ya paa la makuti, ili moshi na joto visiwasumbue wenyewe. Basi kuni, maji, mchele, nyama, vyote vilipandishwa ngazi kwa vichwa na mabega ya watu kama yeye. Ndiyo maana mwongoza wageni wa Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili aliposema kwamba hivi ndivyo walivyoishi Waswahili wa Lamu, nilishindwa kuzuia kicheko. Sisi ni watu wa Langoni, kusini mwa mji, tuliokulia katika kuta za udongo na paa la makuti. Bibi alizijua nyumba za mawe kuanzia juu kwenda chini.

Hata hivyo naipenda nyumba ile. Ni ya karne ya 18, enzi ambazo matajiri wa Lamu walijipatia mali kwa pembe za ndovu, boriti na nafaka ya mashamba ya bara, mashamba yaliyolimwa na watumwa. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene za kutosha kuuacha mchana wote nje. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana mita mbili na nusu au tatu, vyumba vimekuwa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Unaingia kwa daka lenye baraza za mawe huku na huku, unapita tekani, unakata kona ili macho ya mpita njia yasikufuate, unatokea kiwandani, ule ua wa ndani wenye mwanga. Baada ya hapo ni msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kila chumba sakafu yake imeinuka kidogo kuliko cha kile kilichotangulia, na kila hatua unayopanda unakaribia siri za watu.

Choo kina birika la maji, na zamani walitia samaki wadogo humo wale viluwiluwi vya mbu. Wageni hupiga picha birika kuliko kitu kingine chochote. Siwalaumu, ila kwangu chumba chenye maneno ni kile cha ndani, chenye ukuta mzima wa zidaka, vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa na kupangwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Mbele ya ukuta huo ndipo bibi harusi alipokalishwa, kapambwa, wanawake wa mji waje wamtazame. Nyuma yake iko nyumba kati. Humo watoto walizaliwa na maiti walioshwa.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa na misimu yake, na haikuisubiri serikali wala makumbusho iipangie. Iliamshwa na harusi, ikatulizwa na msiba. Shughuli ilipozidi ukubwa wa nyumba moja, wanawake walipita kwenye wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba za jamaa wawili, bila kukanyaga njia. Mwezi wa Ramadhani usiku uligeuka mchana. Na ulikuwapo msimu wa upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, vyombo vilishuka kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na wafanyabiashara wakakaa mjini kungoja kusi iwarudishe kwao. Nyumba kubwa zilikuwa na sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa karibu na mlango, ili mtu aweze kukaa wiki nyingi, ale chakula cha nyumba, afanye biashara na mwenyeji wake, asimwone hata mmoja wa wanawake waliomo.

Siwa, lile baragumu kubwa la sherehe, nayo ilikuwa na msimu wake. Siwa ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ndefu kuliko mtu mzima. Zilipigwa watawala walipotawazwa na katika harusi za wakubwa, na ya Lamu ilitolewa kwa koo zilizotambuliwa kuwa na haki nayo. Harusi za Langoni hazikupigiwa siwa. Makumbusho ya Lamu yalipofunguliwa mwaka 1971 katika jumba la ghorofa lililo pwani, ambalo maofisa wa kikoloni walikuwa wamelifanya makazi, siwa ziliwekwa humo kuangaliwa na yeyote mwenye tikiti. Tangu hapo mjukuu wa mpishi anaweza kusimama mbele ya siwa kwa muda anaotaka, jambo ambalo peke yake latosha kuyapa makumbusho heshima yangu.

Ngome ndiyo jengo ambalo kila mtu wa Lamu ana hadithi nalo. Ilianza kujengwa mnamo 1813, baada ya vita vya Shela ambavyo watu wa Lamu waliwashinda Pate na Mazrui wa Mombasa, kisha kwa hofu ya kulipiziwa kisasi wakamwita Seyyid Said wa Oman awalinde. Ilikamilika mnamo 1821. Waingereza waliigeuza jela mwaka 1910 na ikabaki jela hadi 1984, miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru. Leo watu husherehekea harusi uani mwake, watoto husoma vitabu katika maktaba yake, na wazee hukaa nje, Mkunguni, wakicheza bao na kubishana siasa. Jengo lililofungiwa watu kwa muda wa zaidi ya miaka sabini limepata uhai mpya upesi kuliko nyumba nzuri ya Mkomani, nami nadhani sababu ni moja tu: ngome ina uwanja, na mlango wake unatazama watu.

Sasa nifike kwenye msimu mkubwa kuliko yote.

Mwezi wa Mfungo Sita, aliozaliwa Mtume, Lamu hujaa hadi darini. Watu huja kutoka Mombasa, Malindi, Tana, Zanzibar, na wengine kutoka mbali zaidi. Wanawake wa Faza na Kizingitini huteremka gatini na watoto na magodoro. Kilele ni Alhamisi ya mwisho ya mwezi, katika msikiti wa Riyadha, Langoni. Asili ya mkusanyiko huu ni Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl aliyezaliwa Ngazija, akaja Lamu kijana katika karne ya 19 na kufariki katikati ya miaka ya 1930. Alikuwa mganga wa dawa za miti na mwalimu. Kilichowakera wakubwa wa mji ni wale aliowachagua kuwafundisha: watumwa, watoto wa watumwa, wageni kutoka visiwani, watu wa nyumba za udongo. Elimu ya dini ilikuwa mali ya Mkomani, ikirithishwa kama hizo bakuli za kaure. Yeye akaitoa nje. Tena akaleta Maulidi ya Habshi, iliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Hadhramaut, ikasomwa kwa matari na sauti zilizopanda, wakati Mkomani walikuwa wamezoea kisomo cha utulivu. Matari msikitini! Mabishano yake yaliishi mjini muda mrefu kuliko wengi waliobishana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Riyadha ilikuwa imesimama, na mwaka 1907 utumwa ukapigwa marufuku katika pwani ya Kenya. Mashamba ya bara yakakosa wa kuyalima bure, na nyumba za mawe zikaanza kupungukiwa. Kadiri Mkomani ilivyofifia ndivyo Maulidi ya Langoni ilivyonawiri, hata wajukuu wa waliolipinga tari wakawa wanaingia kwenye zefe pamoja na wajukuu wa waliopika jikoni kwao.

Ofisi ya makumbusho iliutambua msimu huo mapema, na kwa miaka mingi imekuwa na mkono katika mashindano ya wiki ya Maulidi: mbio za punda kando ya bahari, mashindano ya majahazi, kuogelea, kuvuta kamba, bao, kupaka hina. Wapo wanaonung'unika kwamba punda hawana uhusiano na kuzaliwa kwa Mtume. Mimi sina ugomvi na punda. Mji usio na njia za magari unamtegemea punda kwa kila tofali na kila gunia, na tangu 1987 wana hospitali yao wenyewe pale pwani. Kijana anayeshinda mbio zile hutajwa mwaka mzima. Lakini tazama jambo moja: mashindano yote yako nje. Wiki ambayo mji una watu wengi kuliko wakati wowote, Nyumba ya Kiswahili hufungwa jioni kama siku ya kawaida, ilhali Lamu ya Maulidi huamka baada ya sala ya Isha.

Tamasha la Utamaduni wa Lamu ni mtoto mdogo zaidi. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na kwa kawaida huwekwa Novemba, kaskazi inapokaribia na hoteli zinapongoja wageni. Lina mashairi, ngoma, majahazi na punda walewale. Tofauti iko kwenye kalenda. Tamasha hufuata mwezi wa Kizungu, na linapendeza kwa wenye kukata tikiti za ndege mapema. Maulidi hufuata mwezi mwandamo, hivyo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja: mwaka 2014 iliangukia Januari, kaskazi imetulia, miaka hii inaangukia Agosti na Septemba, kusi ikivuma. Na watalii walipokimbia mwaka 2011, baada ya wageni wawili kutekwa Manda na Kiwayu, hoteli zilifunga madirisha lakini watu wa Maulidi waliendelea kuja, kwa kuwa hawakuwahi kulala hotelini. Hulala kwa shangazi, kwa rafiki wa baba, juu ya dari.

Nyumba nyingi za Mkomani na Shela zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya tangu miaka ya 1970, zikatengenezwa vizuri sana, na kwa miezi kadhaa ya mwaka zimefungwa. Hilo huifanya nyumba ya makumbusho iwe ya thamani zaidi, kwa maana ni moja kati ya chache ambazo mtu wa Lamu asiye na ukoo wala mwaliko anaweza kuingia. Vilevile huonyesha lililosahauliwa. Posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa Novemba 1888 na kufungwa Machi 1891, ina makumbusho yake kamili hapo Usita wa Mui. Langoni iliyozaa Maulidi haina nyumba hata moja ya udongo iliyohifadhiwa namna hiyo, na kila mwaka makuti yanavuliwa kupisha mabati na matofali.

Nyumba ya udongo ni kazi ngumu kuihifadhi, najua. Huhitaji kukandikwa na kuezekwa upya mara kwa mara. Lakini mafundi wa kukandika bado wapo, na wiki ya Maulidi wageni wa kuona wapo kwa maelfu. Ningeanza na vyumba viwili na ua, karibu na Riyadha, mlango ukafunguliwa baada ya Isha. Na kule Mkomani ningeomba kitu kidogo zaidi: wageni wapandishwe kwanza darini, jikoni, waelezwe nani alikuwa akipika, ndipo wateremshwe kwenye zidaka.