Barua za cron zilitoka wapi, na siku zilipoacha kufika

Kama unasimamia seva ya Linux, bila shaka umewahi kukuta kikasha kimejaa barua zenye kichwa kama hiki:

Cron <root@seva1> /usr/local/bin/nakala.sh

Wenzangu kazini huniuliza namna ya kuzizima. Jibu ni fupi tu: andika MAILTO="" juu kabisa ya crontab yako na hutaziona tena. Lakini ngoja kwanza. Barua hizi zina historia, na ukiijua utaona kwamba kuzizima hivyo ni hatari, na kuziacha zilivyo pia ni hatari.

Cron ilizaliwa Bell Labs, Marekani. Jina lake linatokana na chronos, neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Cron ya Unix Version 7, mwaka 1979, ilikuwa programu ndogo sana. Iliamka kila dakika, ikasoma faili moja tu, /usr/lib/crontab, ikatekeleza amri ambazo saa yake imefika, kisha ikalala tena. Faili hiyo ilikuwa ya mashine nzima, yaani ya msimamizi. Wewe mtumiaji wa kawaida hukuwa na yako.

Huko Chuo Kikuu cha Purdue, Robert Brown na Keith Williamson walitaka kila mtumiaji awe na ratiba yake. Sasa fikiria VAX moja inayotumiwa na watu 100 kwa pamoja, na programu inayoamka kila dakika kupekua faili zote hizo. Mashine ingelemewa. Wakaazima wazo kutoka makala ya Franta na Maly ya mwaka 1977: panga matukio yote kwenye orodha moja kufuata wakati wake, halafu lala hadi tukio la kwanza lifike. Hadi leo nikisoma maelezo ya mpango huo naona ni kazi safi.

Kazi zilipokuwa na wenyewe, swali jingine lilijitokeza. Amri inatekelezwa usiku wa manane na mwenyewe yuko nyumbani amelala. Hakuna skrini mbele yake. Ikiandika kitu, nani atasoma? Cron ya System V ilijibu kwamba chochote ambacho hukukielekeza kwingine utatumiwa kwa barua, na baadaye POSIX ikaliandika jambo hilo kama kanuni.

Hapa lazima ukumbuke barua ilikuwa nini wakati ule. Kompyuta ilikuwa moja na watumiaji wake walikuwa humo humo. Kumtumia mtu barua ilikuwa ni kuongeza maandishi mwishoni mwa faili yake kwenye diski ile ile. Haikusafiri popote! Kule Berkeley walikuwa hata na programu ya kukujulisha kwamba barua imeingia, biff, iliyopewa jina la mbwa mmoja wa pale chuoni. Barua ya ndani ya mashine ilikuwa njia ya kuaminika kuliko zote, na waliounda cron hawakuwa na sababu ya kuitilia shaka.

Mwaka 1987 Paul Vixie aliandika cron yake mwenyewe na kuigawa bure, na ndiyo iliyoenea kwenye Linux na BSD. MAILTO tuliyoizoea inatoka humo. Ukiweka jina, barua inakwenda kwa mwenye jina hilo; ukiiacha tupu, hakuna barua; usipoiandika kabisa, anapelekewa mwenye crontab. Pia unaweza kuiandika mara kadhaa katika faili moja, na kila moja itahusu mistari iliyo chini yake. Wengi hawajui hili.

Nilipofungua msimbo wake nilivutiwa na kitu kimoja. Uamuzi wa kutuma au kutotuma unategemea baiti moja. Cron husikiliza amri yako. Ikitoa baiti moja tu, barua inafunguliwa. Isipotoa kitu, kimya. Ile nambari ambayo kila programu huiacha ikimaliza, 0 ikiwa mambo ni sawa na nyingine ikiwa yameharibika, haiangaliwi katika kuamua. Kwa hiyo skripti inayoandika "nimemaliza vizuri" itakujazia kikasha kila usiku, na skripti inayokufa kimyakimya haitakuambia lolote. Kwa watu wa Unix hilo lilieleweka, kwa sababu mila yao ilikuwa programu isiseme kitu kama hakuna tatizo.

Halafu barua ikahama. Watu waliacha kusomea barua kwenye seva, wakaanza kuzisomea Yahoo, Hotmail na Gmail. Barua ya cron sasa ikalazimika kutoka nje, katika ulimwengu uliojaa matangazo ya ulaghai. Na kichekesho ni kwamba Vixie huyo huyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha RBL mwaka 1997, orodha ya kuzuia anwani za seva zinazotuma takataka. Zikafuata SPF, DKIM na DMARC, njia za mtumaji kuthibitisha kwamba barua ni yake kweli. Kwa nini kikasha cha mbali kimwamini root@seva1? Huyo ni nani?

Gharama yake ilionekana wazi tarehe 31 Januari 2017. Kwenye saa tano na nusu usiku kwa saa za UTC (hapa Nairobi ilikuwa tayari saa nane na nusu), mhandisi wa GitLab.com aliyekuwa akihangaika kurekebisha hifadhidata ya pili alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Kati ya GB 300 hivi zilibaki GB 4.5. Wakakimbilia nakala rudufu kule Amazon S3. Hakukuwa na kitu!

Kumbe pg_dump iliyotumika ilikuwa ya PostgreSQL 9.2 huku hifadhidata ikiwa 9.6, hivyo ilikataa kufanya kazi. Na walikuwa wameweka barua za kuwajulisha kazi ya cron ikifeli. Ila barua hizo hazikuwa zimetimiza masharti ya DMARC, kwa hiyo upande wa kupokea ukazikataa. Cron ililia, hakuna aliyesikia. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa kazi nyingine saa sita hivi kabla. Msimbo wa watu ulisalimika, lakini walipoteza data ya miradi ipatayo 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700 hivi. Nawasifu kwamba walieleza yote hadharani.

Tangu hapo zana zimeongezeka. OpenBSD iliongeza -n mbele ya amri, na FreeBSD ikaichukua: barua haitumwi mpaka nambari ya mwisho isiwe 0. Kwenye Linux kuna chronic, katika kifurushi cha moreutils, inayofanya kazi hiyo hiyo:

0 0 * * * chronic /usr/local/bin/nakala.sh

Ukitaka kichwa chako mwenyewe, pitishia matokeo kwa mail -s. Ukiweka tarehe humo andika \%F badala ya %F, kwa sababu ndani ya crontab alama ya % tupu hugeuzwa kuwa mstari mpya. Timer za systemd hazitumi barua kabisa usipoziundia njia.

Kwa nakala rudufu mimi hutumia Healthchecks. Skripti ikifaulu inaita anwani fulani ya wavuti:

0 0 * * * /usr/local/bin/nakala.sh && curl -fsS ANWANI_YAKO

Wito usipofika kwa wakati, wao ndio wanakutafuta, kutoka kwenye mashine yao. Hata seva yako ikiungua utajua.

Na leo ukiingia kwenye seva yako, fungua /var/mail/root uone kuna nini. Mara nyingi barua zote ambazo hazikukufikia ziko hapo, za miezi mingi.