Imla, Sikio na Ubongo: Funzo Kutoka Arua na Koboko

Walimu tuliowahi kufundisha Kiswahili huko Arua tunaikumbuka vyema imla. Mwalimu husoma, mwanafunzi huandika, kisha makosa huhesabiwa. Katika darasa letu mojawapo alikuwamo kijana aliyeandika "kaa" tuliposoma "saa", na "pata" tuliposoma "pasa". Tulimpa sifuri mara tatu mfululizo, tukamwandikia kwa wino mwekundu kwamba hajitahidi. Baadaye mama yake alitueleza kuwa mtoto aliugua homa ya uti wa mgongo alipokuwa mdogo, na tangu hapo masikio yake ni hafifu. "Lakini nyumbani anatuelewa," akaongeza. Sentensi hiyo ndiyo iliyotusumbua, na ndiyo asili ya makala haya.

West Nile imo katika ukanda wa homa hiyo unaotoka Senegali hadi Ethiopia. Mlipuko wa mwanzoni mwa 2007 uliifikia Arua na Koboko pia. Ugonjwa huu huweza kuharibu sikio la ndani. Hata hivyo, kusikia ni jambo moja na kuelewa ni jambo jingine. Mwaka 1861, Paul Broca alieleza huko Paris habari za mgonjwa aliyeelewa maneno lakini hakuweza kutamka ila silabi moja. Mwaka 1874, Carl Wernicke akaeleza kinyume chake: wagonjwa waliosikia sauti bila kuelewa maneno. Tangu hapo wataalamu wakaanza kutafuta maana ya usemi ndani ya ubongo.

Jaribio lililotuvutia zaidi ni la Richard Warren, Mmarekani, la mwaka 1970. Aliondoa sauti moja katika neno, akaweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walidai kuwa wamelisikia neno zima! Ubongo uliziba pengo kwa kutumia lugha unayoijua. Mwenye usikivu hafifu huziba mapengo ya namna hii kutwa nzima, na si ajabu akachoka kabla ya wenzake.

Mapengo yenyewe yako wapi? Aghalabu sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, nazo hubeba vikwamizi kama /s/ na /f/ pamoja na mshindo wa /t/ na /k/. Irabu ni nzito zaidi, hivyo hubaki. Kwa msikilizaji wa aina hii, saa, taa, kaa, paa na faa huwa karibu neno moja. Jozi finyu tunazozipenda katika somo la fonolojia kwake ni mtego.

Hapa hatuna budi kurejea historia. Kiswahili hakikufika West Nile kwa maziwa ya mama. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliosalia wa Emin Pasha, ambao vizazi vyao ndio Wanubi wa leo. West Nile iliingizwa Uganda mwaka 1914, na vijana wake wengi wakaandikishwa jeshini, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Idi Amin, ambaye Koboko ni kwao, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Ni lugha ya kambi, ya soko na ya mpaka. Wengi huikuta wakiwa tayari na Kilugbara, Kikakwa au Kinubi.

Mzawa wa Kiswahili akikosa silabi ya kwanza katika "vitabu vyangu vimepotea", upatanisho wa kisarufi humrudishia. Kilugbara hakina ngeli kama zetu. Mwanafunzi wetu alikuwa bado hajauzoea msaada huo. Katika Kilugbara toni hutofautisha maneno, na toni hukaa katika sauti nzito ambazo masikio yake bado yalizipata. Tunaamini hiyo ndiyo siri ya maneno ya mama. Sikio lilikuwa lilelile. Lugha ya kuzibia pengo ndiyo iliyotofautiana.

Kwa wasiosikia kabisa, kisa ni kingine. Mwaka 1987 Poizner, Klima na Bellugi walionyesha kwamba viziwi walioumia upande wa kushoto wa ubongo hupoteza lugha ya alama, kama sisi tunavyopoteza usemi. Kumbe ubongo haudai sauti, unadai lugha. Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaka Serikali iendeleze lugha ya alama, na kamusi yake ilitoka 2006.

Imla iliyofuata tuliisoma tukiwa tumemkabili kijana, dirisha likiwa mbele yetu ili mwanga utuangaze midomo, na badala ya maneno pweke tukasoma sentensi nzima. Aliandika sawasawa: "Nilichelewa kwa sababu saa yangu ilisimama." "Pasa" bado aliandika "pata". Safari hii tuliirudia sentensi.