Bunduki haina kabila

Mtajie bunduki mkazi wa Segerea, atamfikiria askari magereza, mlinzi wa benki au polisi wa doria. Mtajie mkulima wa Liwale, atawafikiria nguruwe pori na tembo wanaomaliza mihogo. Mtajie mfugaji wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, atafikiria ng'ombe. Chuma ni kilekile, baruti ni ileile. Mbona kila mmoja anaona kitu tofauti?

Jibu la kijiweni linakuja haraka: "Wale ndo walivyo." Wakurya wakali, Wanyamwezi wapole, watu wa pwani hawapendi fujo. Ni jibu tamu, ila historia inalikataa. Na ushahidi mzuri kuliko wote hauko mbali, uko Tabora.

Wakati Tabora ilinuka baruti

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1860 majeshi mengi ya Ulaya yalianza kuachana na bunduki za kushindilia, yaani zile unazojaza baruti na goroli kwa mbele ya mtutu. Yalihamia kwenye bunduki zinazowekewa risasi kwa nyuma, ambazo askari anaweza kuzijaza upesi hata akiwa amelala chini. Sasa zile za zamani zipelekwe wapi? Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ya kutupa na kuzileta pwani yetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Charles Euan-Smith, aliripoti kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia kila mwaka.

Nyingi zilipanda bara na misafara ya pembe za ndovu, na njia kuu ya misafara ilipita Tabora. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi na wafanyabiashara wakubwa wa njia ile. Mpagazi alirudi nyumbani na kitambaa, shanga na gobore. Mtemi Mirambo wa Urambo aliunda himaya yake kwa vijana wa ruga-ruga wenye bunduki. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora hadi njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Mtemi Isike wa Unyanyembe naye aliwakatalia Wajerumani. Walipoivunja ngome yake Januari 1893, alijilipua ndani ya ghala lake la baruti.

Kwa hiyo ungemuuliza mtu wa miaka ya 1880 ni wapi bara watu wanapenda bunduki, angekuonyesha Unyamwezi bila kufikiri mara mbili. Kumbuka hilo, tutarudi.

Kwa nini gobore lilibaki

Julai 1890 mataifa makubwa yalisaini Mkataba wa Brussels. Pamoja na kuzuia biashara ya watumwa, mkataba ule uliweka masharti ya silaha katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Bunduki za kisasa, zenye shabaha ya mbali, zikawekewa marufuku kali. Gumegume, yaani bunduki ya kushindilia inayowashwa kwa cheche za jiwe, iliachiwa mlango kwa masharti.

Hesabu yake ilikuwa rahisi: Mwafrika abaki na silaha inayoua swala lakini isiyoweza kushindana na jeshi la mkoloni. Ndiyo maana gobore limedumu vijijini hadi leo na mafundi bado wanalitengeneza kwa mabomba ya chuma. Tunaliita silaha ya jadi, lakini katika jadi hiyo kuna mkono wa wanadiplomasia waliokaa Brussels.

Ukanda wa kusini ulipata somo chungu zaidi. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wapiganaji waliamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Tarehe 30 Agosti 1905 walivamia boma la Mahenge na bombom za Wajerumani zikawafyeka. Baada ya vita Wajerumani walidai silaha zisalimishwe. Vijiji vilivyokuwa vimepoteza watu kwa njaa vikapoteza na ulinzi wa mashamba, na wanyama pori wakasogea. Sehemu ya nchi ile baadaye ikawa Pori la Akiba la Selous. Ndo maana kwa mkulima wa huko mjadala wa bunduki huanzia shambani: nani atamfukuza nguruwe usiku wa leo?

Dar: bunduki ni ya serikali

Pale Posta, makutano ya Azikiwe na Samora, kuna sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Ameshika bunduki yenye singe. Kwa mtu wa Dar hiyo ndiyo picha ya kawaida: bunduki imevaa sare.

Lakini sare peke yake si ulinzi. Januari 1964 tulilijua hilo ndani ya wiki mbili tu. Tarehe 12, wanamapinduzi wa Zanzibar wakiwa na silaha chache waliteka ghala la polisi la Ziwani, na serikali ikaanguka. Tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza walewale waliotoka juzi, nao tarehe 25 wakaja kuwanyang'anya silaha waasi. Jeshi zima likavunjwa.

JWTZ lilizaliwa Septemba 1 mwaka huohuo kwa wazo jipya: askari atoke kwa wananchi, na wananchi nao waijue silaha. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa, wengi wao wakiwa na mikuki, waliliangamiza jeshi la Wajerumani Agosti 1891. JKT ilikuwa imeshaanza mwaka 1963. Baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwongozo wa TANU ulisisitiza mgambo.

Hapa ndipo pana kitu cha pekee. Raia wengi wa Tanzania walijifunza kufungua bunduki, kuisafisha na kulenga shabaha, kisha jioni wakairudisha ghalani. Kujua kutumia kulitenganishwa na kumiliki. Hata silaha za wapigania uhuru wa kusini zilipita kwetu, lakini zilikuwa safarini. Linganisha alama mbili: bendera ya Msumbiji, iliyopitishwa mwaka 1983, ina AK-47. Nembo yetu ina mkuki na ngao.

1979: chuma kilekile, majibu matatu

Sasa tuje kwenye jaribio ambalo hakuna mtafiti aliyelipanga. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na silaha zikamwagika pande zote.

Karamoja, askari wa Amin walikimbia kambi ya Moroto na wenyeji wakafungua ghala. Maelfu ya bunduki yakaingia mikononi mwa wafugaji. Serikali ya Kampala ilikuwa dhaifu, ikaingia tena vitani. Upande wa Kenya, majirani Waturkana na Wapokot nao walikuwa wakijihami. Ukiwa na mkuki na jirani yako ana AK-47, huna ng'ombe, una ahadi ya ng'ombe. Kila mtu akatafuta bunduki kwa sababu mwenzake anayo.

Tarime, vijana wengi wa Kikurya walikuwa jeshini tangu enzi za KAR, na baadhi ya bunduki za vita vya Kagera zilifika nyumbani. Wizi wa mifugo, uliokuwa wa mishale na mikuki, ukawa wa risasi, hasa kwa kuwa mpaka uko jirani na ng'ombe wa wizi alipata soko Kenya.

Na Unyamwezi, nchi ya Mirambo? Majambazi wenye bunduki walifika huko pia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Kahama, Tabora na Shinyanga walishika upinde na mishale, filimbi na yowe. Hao ndio sungusungu. Upinde hauhitaji kibali wala risasi za kununua, kila mwanaume anaweza kuwa nao, na watu mia wakiitika yowe jambazi mwenye SMG anafikiria mara mbili. Zaidi ya hapo, Mwalimu na chama waliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa kuwatambua.

Tusiwapambe. Sungusungu pia waliwapiga na kuwaua watuhumiwa, wakiwemo wanawake walioitwa wachawi. Upinde haumfanyi mtu kuwa mwema. Ila angalia hoja: watu walewale ambao babu zao walibeba bunduki nyingi kuliko karibu wote bara, miaka mia baadaye walichagua mshale. Na Wakurya wanaosemwa ni "watu wa bunduki" nao waliunda sungusungu kwao. Kama ni damu, damu gani hii inayobadilika hivyo?

Kilichobadilika ni jibu la swali moja: nikilala, nani analinda mali yangu na watoto wangu? Pale ambapo jirani na serikali wanaitika yowe, bunduki inakaa ghalani. Pale ambapo hakuna anayeitika, inaingia chini ya kitanda.

Turudi mjini

Makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2018 yanaonyesha kuwa Marekani kuna bunduki 120.5 za raia kwa kila watu 100. Kenya ni kama moja na nusu. Tanzania haifiki hata moja. Uhaba huo unaonekana hata kwenye uhalifu. Julai 2015 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, si mbali na Segerea. Waliua watu, wakiwemo polisi, na kuondoka na silaha. Walizifuata kituoni kwa sababu hapo ndipo zilipo. Panya road nao, walipotisha mitaa ya Dar, walikuja na mapanga.

Kila likitokea tukio la namna hiyo, utasikia mtu kwenye daladala akisema bora kila baba amilikishwe bastola. Hofu yake ni ya kweli, usimcheke. Lakini Karamoja walishafanya hesabu hiyo: bunduki ya kwanza inakupa usalama hadi jirani anunue ya pili. Kuziondoa kukawa kazi ya miaka mingi, na jeshi lilipokwenda kuzikusanya, damu ilimwagika tena.

Utulivu wa mitaa yetu si tabia ya kuzaliwa nayo. Umejengwa na maamuzi: ya 1964, ya 1971, ya wanavijiji wa Kahama waliokubali kuamka usiku kwa ajili ya ng'ombe wa jirani. Kilichojengwa kinaweza kubomoka. Kwa hiyo mlinzi shirikishi wa mtaa wako akipita kukusanya mchango wa mwezi, kabla hujamwambia "njoo kesho", jiulize ni nini kitakaa kwenye nafasi yake siku akiacha kupita.