Choya: Historia ya Mvinyo wa Maua Hadi Kufika Kikundini Kwetu

Kila tunapopanga chupa zetu kwenye maonyesho tunaulizwa: "Hivi kweli maua yanatoa mvinyo?" Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu tumeona tulijibu swali hilo kwa maandishi, ili na watoto wetu waje wasome.

Sisi wa Dodoma tumezoea kwamba mvinyo ni zabibu. Lakini walioishi pasipo zabibu nao hawakukaa na kiu. Huko Uingereza, kwenye baridi, akina mama wa vijijini walichuma maua ya porini wakayatengenezea mvinyo nyumbani. Mwanamke mmoja, Hannah Glasse, alitoa kitabu cha mapishi mwaka 1747, na humo aliweka maelekezo ya mvinyo wa maua ya njano yaitwayo cowslip. Siri yake ni hii: ua hutoa harufu, rangi na ladha, ila kilevi chenyewe kinatokana na sukari inayoongezwa na kuliwa na hamira.

India mambo ni tofauti. Wana mti uitwao mahua, ambao maua yake yana sukari nyingi yenyewe. Watu wa misituni huyaokota, huyala, huyakausha yawafae wakati wa njaa, na huyafanyia pombe. Mwaka 1892 serikali ya kikoloni ya Bombay ilitunga sheria ya kubana ukusanyaji na uwekaji wa maua hayo katika baadhi ya wilaya, kwa kuwa pombe ya kienyeji ilikuwa inapunguza kodi ya vileo. Fikirini, jamani! Ua limeanguka lenyewe chini ya mti, ukiliokota una kesi. Na aliyenyimwa pombe alinyimwa na chakula.

Sasa tuje kwenye ua letu. Choya, wengine huita rozela, asili yake ni Afrika. Tunaita ua, lakini ua lenyewe huchanua siku moja tu likanyauka. Tunachochuma ni vile vikombe vyekundu, vinene, vinavyobaki vimekumbatia tumba la mbegu. Sudan na Misri wanaita karkadee, na mgeni hukaribishwa nacho, cha moto au cha baridi. Senegal wanaita bisapu. Wakati wa biashara ya utumwa mmea huu ulivuka bahari hadi visiwa vya Karibi. Jamaika wanauita sorrel. Ndicho kinywaji cha Krismasi, kinatiwa tangawizi na mara nyingi ramu. Kumbe ua ni lile lile: huku ni sharubati ya heshima katika nyumba za Waislamu, kule ni kileo cha sikukuu.

Historia hiyo ndiyo iliyotuokoa. Baada ya kupata mafunzo ya usindikaji, kikundi nusura kivunjike. Wenzetu ambao dini yao inakataza pombe walisema hawawezi kupokea gawio lenye fedha ya kilevi ndani yake. Wengine wakasema chupa moja ya mvinyo inalipa kuliko glasi nyingi za sharubati, na ada za shule hazingoji. Kikao kiliahirishwa mara mbili, na wengine walishaanza kudai hisa zao. Ndipo bibi mmoja, mwanachama mwenzetu, akauliza: "Ua ni moja, kwani sufuria nayo ni moja?"

Basi tukatenganisha sufuria. Sharubati, jemu na choya kavu ni mradi wa kikundi kizima. Mvinyo ni wa wanaotaka: wana vyombo vyao, daftari lao, choya wanainunua sokoni kwa fedha zao, wala senti yake haiingii kwenye sanduku letu. Hakuna aliyeondoka.

Wanavyoutengeneza ni hivi. Choya kavu huoshwa, hulowekwa kwenye maji ya moto, huchujwa, kisha hutiwa sukari. Lazima ipoe kwanza, maana joto kali huua hamira. Ndoo hufunikwa vizuri na kutobolewa tundu la mpira, ncha ya mpira ikazamishwa kwenye chupa ya maji: gesi itoke, hewa isiingie. Mapovu yakikoma, mvinyo huhamishwa taratibu, mashapo yakabaki chini, ukaachwa utulie miezi kadhaa. Mwenye haraka akifunga chupa mapema, gesi itazipasua.

Wanaokunywa wanatuambia inafaa kusubiri. Rangi ni nyekundu ya kung'aa hata ukiinua glasi juani. Mdomoni unaanza na uchachu kama ukwaju, halafu harufu ya ua inakuja nyuma taratibu. Wageni waliozoea zabibu huomba glasi ya pili ndipo waulize bei. Tunawakumbusha wote kwamba kileo si cha watoto wala wajawazito, na biashara yake inataka leseni na viwango vya TBS.

Akina mama, vikundi vingi vimekufa kwa sababu ya fedha, na vingine kwa sababu ya dini. Chetu kilikutana na vyote viwili kwenye ua moja, na kimetimiza miaka kumi. Atakayetembelea banda letu achague glasi yake. Zote tunazimimina kwa mkono wa ukarimu.