Historia ya Jibu la "Jina Halipo"

Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilipokuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, tajiri aliyemtuma tarishi bara kumtafuta mdeni wake, na baada ya miezi akaletewa habari kwamba mtu huyo hayuko wala hajulikani, asingemtuma tarishi wa pili kesho yake kuuliza neno lile lile. Mfumo wa majina ya intaneti, unaotumika leo Kivinje kama unavyotumika London, ulichukua miaka 15 kuifanya hekima hiyo kuwa sharti.

Mfumo huo uliasisiwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris, kwa kuwa orodha moja ya majina yote ya mtandao ilikuwa haitoshi tena. Kazi yake ni kulipatia jina anwani ya tarakimu. Mzazi wa Kivinje anayetafuta matokeo ya mtihani wa mwanawe akiandika "nekta.go.tz" badala ya "necta.go.tz", simu yake hupeleka swali kwa seva ya kampuni ya simu, nayo isipokuwa na habari, huziuliza seva za mzizi, kisha za .tz, kisha za go.tz, ndipo lirudi jibu kwamba jina halipo. Kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, swali lililovuka ng'ambo kwa setilaiti lilikula nusu sekunde au zaidi kwenda na kurudi, na maswali ya bure yalibana njia iliyokuwa nyembamba na ghali.

Nyaraka za mfumo huo za mwaka 1987 ziliruhusu jibu la kukanusha, yaani la "jina halipo", liwekwe katika akiba ya seva, walakini kwa hiari tu. Seva ikaweza kuyahifadhi majina yaliyopo na kuyasahau yasiyokuwapo, ikauliza tena na tena. Machi 1998 Mark Andrews, wa taasisi ya sayansi ya Australia iitwayo CSIRO, alitoa waraka wa kanuni za intaneti wa RFC 2308, ambao kwa rai yangu ni katika nyaraka zilizowafaa zaidi watu wenye intaneti haba. Hiari iligeuka faradhi: seva yenye akiba sharti iyahifadhi na majibu ya kukanusha, kwa muda atakaoupanga mwenye kikoa mwenyewe. Waraka ulitaja saa 1 hadi 3 kuwa muda unaofaa, ukatahadharisha juu ya kupita siku nzima, maana jina lisilokuwapo asubuhi huweza kusajiliwa adhuhuri, ilhali aliyeliuliza mapema angali akiambiwa halipo.

Mwaka 2016 ikathibitishwa kwamba jina likikosekana, na yote yaliyo chini yake hayapo. Na mwaka 2017 seva zikaruhusiwa kutumia uthibitisho uliotiwa saini, kwamba baina ya jina hili na lile hakuna kitu, kulijibu hata jina ambalo halijapata kuulizwa.

Lililochelewa kuliko yote ni kulilazimishia kumbukumbu jibu la "sikuweza kujua", ambalo si sawa na "jina halipo". Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook na WhatsApp zilipotoweka duniani kwa muda wa saa sita hivi, maswali ya majina hayo kwenye seva za .com yalipanda kutoka 7,000 kwa sekunde hadi karibu 900,000, kwa kuwa kushindwa hakukuwekewa kumbukumbu ya kutosha. Desemba 2023 waraka wa RFC 9520 uliamuru kushindwa nako kuhifadhiwe, kwa uchache sekunde 1, wala kusizidi dakika 5. Miezi mitano baadaye, Mei 2024, barabara ya Kilwa ilikatika Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya, na tarehe 12 mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika baharini, intaneti ya Tanzania ikazorota. Majina yalikuwapo yote. Iliyokosekana ni njia.

Nawasihi wasimamizi wa vikoa vya halmashauri, shule na hospitali zetu wautazame muda wa jibu la kukanusha walioupanga katika seva zao, na kama umepita saa 3 waupunguze kabla hawajasajili jina jipya.