Pasolini alifika Kigoma, sisi tulikuwa ng'ambo



Ukimwuliza kijana wa Lulimba, wa Misisi ao wa Baraka kuhusu sinema, atakutajia filamu za karate, za Nigeria na za Bongo. Jina la Bergman, la Fellini, la Godard ao la Pasolini hatalitaja, na si kosa lake. Kibanda cha vidio hakijawahi kuonyesha hizo. Lakini katika vyuo vya sanaa watakuambia hao njo walimu wakubwa wa sinema ya Ulaya: watu waliotaka filamu ifikiri, hata kama mwenye tiketi atasinzia. Basi swali ni hili: urithi wa watu hao unatuhusu nini sisi wa Fizi?

Zamani ningejibu haraka: hautuhusu. Kumbe mmoja wao alileta kamera yake mpaka Kigoma, apo ng'ambo ya ziwa letu, na alikuja kutafuta jibu la swali ambalo Fizi inalijua kuliko Ulaya: kisasi kinaishaje?

Mtu mwenyewe ni Pier Paolo Pasolini. Alizaliwa Bologna, Italia, mwaka 1922. Kwanza alikuwa mshairi na mwandishi wa riwaya, kisha akaingia kwenye sinema mwaka 1961 na filamu yake *Accattone*, kuhusu vijana maskini wa pembeni ya Roma. Mwaka 1964 alitengeneza filamu ya Injili ya Mathayo, na ndani yake aliweka watu wa kawaida, wakulima na wafanyakazi, badala ya waigizaji wakubwa. Hiyo njo ilikuwa tabia yake: alipenda uso wa mtu aliyechomwa na jua kuliko uso uliopakwa poda. Aliuawa Ostia, karibu na Roma, Novemba 1975, na mpaka leo Waitalia wanabishana juu ya kifo chake.

Mwishoni mwa 1968 na mwanzoni mwa 1969, Pasolini alikuwa Afrika Mashariki. Alipita Uganda na Tanzania, akapiga picha Dar es Salaam, akapiga Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Hakuja kutengeneza filamu kamili. Alikuja kuandika maandalizi kwa kamera, kama mwanafunzi anayeandika notsi kabla ya kazi ya mwisho wa masomo. Njo maana filamu iliyotoka mwaka 1970 inaitwa *Appunti per un'Orestiade africana*, yaani notsi za Orestia ya Kiafrika. Kazi kamili haikutengenezwa kamwe. Tulibaki na daftari tu.

Orestia ni nini? Ni michezo mitatu ya kuigiza ya Mgiriki Eskilo, ya miaka karibu 2,500 iliyopita. Mfalme Agamemnoni anarudi kutoka vitani. Mke wake, Klitemnestra, anamwua. Mtoto wao Oreste anarudi kutoka uhamishoni na kumwua mama yake kulipa damu ya baba. Hapo mizimu ya kisasi inaanza kumkimbiza mtoto usiku na mchana, kwa sababu damu ya mama nayo inadai. Kila anayelipa deni anafungua deni lingine. Mwishowe mungu wa kike Athena anaketisha watu wa mji, anaunda mahakama, kesi inasikilizwa, kura zinapigwa. Oreste anaachiliwa. Lakini mizimu haifukuzwi. Inaombwa ikae mjini, iheshimiwe, igeuke kuwa mizimu ya baraka.

Pasolini alikuwa ameitafsiri michezo hiyo kwa Kiitaliano mwaka 1960. Alipotazama Afrika ya uhuru, akaona kwamba hadithi ni ile ile: bara linatoka katika ulimwengu wa mababu na kuingia katika ulimwengu wa sheria, kura na vyuo vikuu. Akajiuliza kama tunaweza kuingia humo bila kuwafukuza mababu. Kwake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kingekuwa hekalu la mungu Apollo. Mizimu ya kisasi aliionyesha kwa miti mikubwa na kwa simba jike aliyejeruhiwa. Na mizimu inapogeuka kuwa baraka, alitumia ngoma ya Wagogo.

Sasa tusimame Kigoma kidogo. Katika filamu, kamera inatembea kati ya watu. Sauti ya Pasolini inasikika juu ya picha, kwa Kiitaliano: huyu anaweza kuwa Agamemnoni, yule anaweza kuwa Oreste, msichana huyu labda Elektra, dada yake. Ni picha nzuri sana, nyeusi na nyeupe, na anawatazama watu kwa heshima. Lakini angalia jambo moja. Watu wenyewe hawaulizwi. Hakuna anayemwambia mzee wa Kigoma: baba, unaonaje habari hii ya mtoto aliyemwua mama yake? Wewe ungemhukumu vipi?

Na wangekuwa na la kusema! Kumbuka ilikuwa miaka gani. Ziwa letu upana wake ni kilomita 50 hivi tu. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulikuwa umewasha moto huku kwetu. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na kufika Kibamba, akakaa katika milima yetu miezi saba, na jina la Lulimba limo katika kitabu alichoandika juu ya vita ile. Desemba 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP katika milima ya Fizi. Kigoma ilikuwa mlango wa vita hiyo: silaha zilipita, wajumbe walipita, wakimbizi walipita. Pasolini alitafuta mahali pa kuigizia hadithi ya damu na kisasi, akasimama ufukoni, na mgongoni mwa maji, kule ambako kamera haikugeuka, hadithi yenyewe ilikuwa inaendelea bila mwigizaji.

Simlaumu kwa kutovuka. Nasema tu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Walioulizwa walikuwa wengine. Katikati ya filamu, Pasolini yuko Roma, chuo kikuu, mbele yake wamekaa wanafunzi Waafrika. Amewaonyesha picha zake. Anawauliza: hadithi hii niiweke mwaka 1960 ao 1970? Mnaiona inafaa kwa Afrika? Alitegemea labda wafurahi. Vijana wale wanamjibu kwa adabu, lakini wanakaza. Wanamkumbusha kwamba Afrika si nchi moja, ni bara, na mtu mmoja hawezi kulisemea lote. Namna yake ya kuzungumza juu ya makabila pia haiwapendezi. Unamwona mwalimu mkubwa wa sinema ya dunia anasahihishwa na wanafunzi.

Kwangu mimi, hiyo njo sehemu bora ya filamu nzima. Na hapa lazima tumpe Pasolini haki yake: angeweza kuikata. Alikuwa na mkasi mkononi. Akaiacha. Aliacha watu wamkosoe ndani ya kazi yake mwenyewe, na mwishoni hakujifanya kwamba amepata hitimisho. Wakubwa wengine wa Ulaya nao walikuja Afrika na mipango ambayo haikukamilika. Godard alikwenda Msumbiji mwaka 1977 na 1978, serikali ya Samora Machel ilitaka kujua televisheni ya nchi mpya ijengwe vipi, na mpango wake haukufika mwisho. Wageni wanakuja, wanaondoka, daftari linabaki nusu. Nani atalimaliza?

Turudi nyumbani. Sisi tunaijua Orestia bila kuisoma. Makobola, kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 mpaka siku za kwanza za 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeandika hivyo. Makobola bado haijapata mahakama yake. Na kila mwaka unasikia kijana aliyezaliwa baada ya mauaji hayo anasema maneno ya kisasi kana kwamba yeye mwenyewe alikuwapo. Mizimu ya Eskilo haikuwa hadithi za zamani. Inatembea barabara ya kutoka Fizi mpaka Lulimba.

Lakini na sehemu ya tatu ya Orestia tuliiona, na tuliiona Baraka. Tarehe 1 Januari 2011, askari wa serikali walibaka wanawake wengi mjini Fizi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilisafiri, ikakaa Baraka, karibu na mahali penyewe. Makumi ya wanawake walisimama wakasema. Februari 2011 Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 gerezani kwa uhalifu dhidi ya binadamu, pamoja na askari wengine waliokuwa chini yake. Wengi walisema haitawezekana, mkubwa wa jeshi kusimama mbele ya mama wa kijijini. Iliwezekana. Hukumu moja haifuti machozi, lakini siku ile Baraka ilikuwa Athene, na hakuna mtu aliyekuja na maandishi ya Kigiriki.

Urithi wa Pasolini nao ulirudi Kivu kwa njia nyingine. Milo Rau, Mswisi, ni mwanafunzi wake wa roho. Ameipeleka hadithi ya Oreste mpaka Mosul, Iraki, mwaka 2019, na mwaka 2020 alitoa filamu ya Injili katika mji ule ule wa Matera ambako Pasolini alipigia picha yake. Lakini kabla ya hayo, Mei 2015, alikuja Bukavu. Akaketisha mahakama ya kuigiza, *Das Kongo Tribunal*, lakini mashahidi walikuwa wa kweli na mawakili wa kweli, chini ya mwanasheria Jean-Louis Gilissen. Mauaji ya Mutarule ya Juni 2014 yalizungumzwa humo, na mambo ya migodi. Filamu ilitoka 2017. Ona tofauti: Pasolini aliwatazama watu wa Kigoma wakinyamaza, miaka karibu 46 baadaye, watu wa Kivu ya Kusini walizungumza mbele ya kamera kwa midomo yao. Ni hatua. Lakini mahakama ile haikuwa na uwezo wa kumfunga mtu, na aliyeshika kamera alikuwa bado mgeni.

Hatua ya tatu imeanza na watoto wa nchi. Dieudo Hamadi wa Kisangani alitengeneza *Examen d'État* mwaka 2014, juu ya wanafunzi wanaohangaikia mtihani ule ambao sisi wote hapa tumeutolea jasho. Mwaka 2017 alitoa *Maman Colonelle*, juu ya Kanali Honorine Munyole wa polisi, filamu inayoanzia Bukavu. Anakaa na watu, anangoja, anawaacha wazungumze. Uvumilivu huo ni wa shule ile ile ya walimu wa Ulaya, ila yeye hahitaji mkalimani wa kumweleza kwa nini mama analia.

Kwa hiyo, urithi wa wakubwa wale ni upi kwetu? Si kuwasujudia, na si kuwatupa eti kwa sababu ni wazungu. Mimi nachukua vitu viwili kutoka daftari la Kigoma. Cha kwanza: unaweza kuanza kazi bila kuwa na jibu. Cha pili: mruhusu unayemwandika akusahihishe, na usikate sehemu hiyo.

Na cha pili kinatuhusu sisi wenyewe kabla ya mzungu yeyote. Tujiulize ukweli. Msomi anayetoka Lulimba akafika Bukavu, Lubumbashi ao Bujumbura, mara ngapi anaandika kazi yake ya mwisho juu ya "watu wa kijiji" bila kumwuliza mama yake mwenyewe aliona nini 1996? Wanafunzi wale wa Roma walisema vizuri, lakini hata wao walisema kwa niaba ya watu wa Kigoma ambao hawakuwapo chumbani. Pasolini anaweza kuwa mweusi pia, na diploma mfukoni.

Wazee waliovuka ziwa mwaka 1996 wakaingia Nyarugusu, kule Kasulu, wanazidi kupungua. Simu uliyoshika sasa hivi inapiga picha na kurekodi sauti kuliko kamera aliyobeba Pasolini. Likizo ijayo, kaa na mzee mmoja. Mwombe ruhusa. Mweleze sauti itakwenda wapi, na kama ni shahidi wa mambo ya hatari usionyeshe uso wake, usitaje jina lake. Uliza swali moja, kisha unyamaze. Ukimaliza, msikilizishe alichosema, na akikuambia "apa umekosea", acha ibaki hivyo.

Ulaya ilituachia notsi. Kazi kamili ni yetu.