Nani Aliruhusiwa Kunywa Mjini? Bia, Dansi na Mnazi Mmoja

Nimepotea kidogo, si kwa kupenda, ni hizi kazi za semina ambazo walimu wote huwa wanazikumbuka wiki moja. Sasa bumu limeingia juzi, na mnajua bumu likiingia chuo kizima kinahamia Savei na Sinza. Chumbani kwetu kukazuka ubishi. Mmoja akasema starehe za usiku Dar zimeletwa na Bongo Fleva, eti zamani watu walikuwa wanalala saa mbili. Mwingine akasema pombe na dansi si mada ya historia, ni mada ya wahuni. Huyu wa pili ndiye aliyenitibua, maana anasoma Ualimu na Historia kama mimi, na karibuni atasimama mbele ya kidato cha tatu kwenye mazoezi ya kufundisha. Nikamwambia ngoja, nitakujibu kwa maandishi. Kwa hiyo ya leo ni ndefu, tafuta chai kwanza.

Tuanze na ramani. Ukishuka Posta ukatembea kuelekea Kariakoo, lazima ukatize Mnazi Mmoja. Wengi tunapapita pale tukiwaza daladala tu, lakini ule uwazi haukubaki wazi kwa bahati. Waingereza waliugawa mji kwa kanda tatu: ya kwanza Uzunguni, ya pili Uhindini kwenye maduka, ya tatu Uswahilini, yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Mnazi Mmoja ndio ulikuwa uwanda wa kutenganisha. Kisingizio kilikuwa afya, malaria na mambo kama hayo. Mwafrika aliingia Uzunguni asubuhi kupika, kufua na kufagia, jioni akarudi kwao. Kuonekana kule usiku bila sababu ya kumridhisha polisi ilikuwa ni kujitafutia matatizo. Kwa hiyo swali la nani anastarehe mjini usiku lilikuwa swali la sheria kabla ya kuwa swali la mfuko.

Na kinywaji chenyewe kilikuwa na kanda zake. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia biashara ya vinywaji vikali sehemu kubwa ya Afrika, ukafuatiwa na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919, na hata masharti ya Uingereza kuitawala Tanganyika kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa yalitaja udhibiti wa vileo. Kwenye karatasi ilikuwa ni kumlinda Mwafrika. Kwa vitendo, mzungu alikunywa wiski yake hotelini, na Mwafrika akatakiwa kuwa na kibali hata kwa chupa ya bia. Mwaka 1933 kikaanzishwa kiwanda cha Tanganyika Breweries hapahapa Dar. Hebu mfikirie kibarua anayebeba makreti mchana kutwa, halafu kilichomo ndani hakiruhusiwi kwake!

Nairobi walishatangulia. Kenya Breweries ilianzishwa 1922, na bia yao ya kwanza ikapelekwa Stanley Hotel mwezi wa Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na tembo akiwa porini kuwinda, na ndiyo maana bia ikaitwa Tusker, kwa ajili ya tembo mwenye pembe. Hii huwa naipenda. Sijui ni kampuni gani nyingine inamtukuza aliyemuua mwenye mali.

Sasa Waafrika walikunywa nini? Walikunywa pombe yao: ya mtama, ya mahindi, tembo la mnazi. Na hapa ndipo serikali za miji zilipoonyesha ujanja. Durban, Afrika Kusini, kuanzia 1909, manispaa ilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe, kisha faida ikatumika kugharamia utawala wa haohao Waafrika. Yaani unakunywa, na hela yako inamlipa polisi wa kukukamata ukilewa. Nairobi wakaiga, wakafungua ukumbi wao wa pombe Pumwani mwaka 1922. Kule Durban wanawake, ambao upishi wa pombe ulikuwa riziki yao, hawakukubali: mwaka 1929 kukawa na mgomo mkubwa wa kususia kumbi hizo, na mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor wakazivamia kabisa.

Dar njia ilikuwa tofauti kidogo. Wanawake waliendelea kupika, lakini walitakiwa kuuzia mahali palipopangwa, kwa leseni na ada. Aliyepikia uani kwake bila ruhusa alikuwa mhalifu. Anakamatwa, pombe inamwagwa, anatozwa faini, na baada ya siku chache anapika tena kwa sababu watoto wanakula kila siku.

Hapa naomba niseme la kwangu. Mimi nimetoka Iringa, na ada yangu ya sekondari imetoka kwenye ulanzi. Mama alikuwa ananunua kwa wagemaji, anaupeleka kilabuni, anauza. Aliyezoea hanunui kabla hajaonjeshwa. Mama anamchotea kidogo, mteja anaviringisha mdomoni, anasema huu bado mtogwa au huu umeshakuwa mkangafu, ndipo hela inatoka. Siku hizi naona matangazo ya shughuli za kuonja bia kule Masaki, kiingilio elfu kadhaa, watu wameshika glasi ndogo wanatikisa vichwa, nacheka peke yangu. Mama angewafundisha bure. Lakini shuleni nilikuwa nasema mama ni mkulima. Kusema anauza pombe ilikuwa kama kusema kitu kibaya juu ya tabia yake. Ndiyo maana neno "wahuni" likisemwa kirahisi chumbani kwangu, mimi nasikia kitu kingine.

Haya, turudi mjini. Kabla ya dansi kulikuwa na beni, ngoma zilizoiga bendi za kijeshi, na sare zake, vyeo vyake na mashindano yake. Zilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na zikasambaa na askari wakati wa Vita vya Kwanza. Vyama vikubwa viliitwa Marini na Arinoti. Baadaye zikaja santuri za rumba kutoka Cuba, na magitaa. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932. Morogoro Jazz ikafuata 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah 1948. Jina "Jazz" lisikudanganye, walichokuwa wanapiga kilikuwa dansi.

Vita vya Pili vikaharibu mahesabu ya wakoloni. Askari wa KAR walipigana Burma, wakarudi wamevaa, wamesafiri, wameonja bia ya chupa. Utamwambiaje mtu huyo kwamba bia ni ya mzungu? Miaka ya baada ya vita vizuizi vya bia ya chupa vikalegezwa, vinywaji vikali vikasubiri hadi miaka ya 1950. Chupa ikawa alama. Mtu aliyeweka bia mezani Kariakoo alikuwa anasema jambo, hata kama hakufungua mdomo.

Sasa sikiliza hii, maana ndiyo jibu langu kwa yule mwenzangu. Mwaka 1952 ulifunguliwa ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Watu waliucheza dansi ukumbi huo mpaka usiku wa manane. Na ni ukumbi huohuo ambapo Aprili 1953 chama cha TAA kilifanya uchaguzi, akachaguliwa kuwa rais mwalimu mmoja wa St. Francis, Pugu, jina lake Julius Nyerere, na makamu wake akawa Abdulwahid Sykes. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TAA ikageuka TANU. Kitabu cha shule kinakupa tarehe ya TANU lakini hakikwambii kwamba watu hawa walikuwa na mji, na mji ulikuwa na Jumamosi. Walijuana kwenye mpira, kwenye misiba, kwenye maulidi, na kwenye dansi.

Bibi Titi Mohamed ni mfano mzuri kuliko wote. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi kwenye kikundi cha Bomba. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU hakuanza na ofisi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na vikundi vikaja na watu wao. Susan Geiger, aliyemhoji yeye na wenzake na kuandika kitabu mwaka 1997, anawaonyesha kuwa wengi walikuwa wanawake wa makamo, hawakusoma shule za serikali, wana biashara zao ndogondogo: vitumbua, samaki wa kukaanga, wengine pombe. Walikuwa na hela yao wenyewe, na hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza kazi kwa kununua kadi. Mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kujiunga. Muuza vitumbua nani amzuie?

Na sisi wana Mlimani tusijifanye hatumo. Chuo chetu kilipoanza Oktoba 1961 hakikuwa mlimani hata kidogo. Kilianzia kwenye jengo la TANU, mtaa unaoitwa sasa Lumumba, hatua chache tu kutoka Arnautoglu. Huku kilimani tulihamia 1964.

Ungedhani baada ya Uhuru mambo yakawa mteremko. Nusu tu. Mlango wa hoteli ukafunguliwa kwa mwenye hela, lakini serikali mpya nayo ilikuwa na mawazo yake juu ya usiku. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na wasichana wakashambuliwa Kariakoo hata kabla operesheni haijaanza rasmi Januari 1969. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul kutoka Marekani ukapigwa marufuku Dar. Mimi namheshimu Mwalimu sana, lakini hapa nasema wazi: aliyelipa gharama ya "utamaduni wetu" alikuwa msichana mwenye sketi, si mwanaume mwenye suti, ambayo nayo haikufumwa Bagamoyo.

Upande mwingine, serikali hiyohiyo ndiyo iliyobeba dansi mgongoni. Magitaa na spika vilihitaji fedha za kigeni, mwanamuziki wa kawaida angezipata wapi? Mashirika yakanunua vyombo na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi ilianza 1964, ndiyo Msondo ya leo baada ya kubadili majina mara kadhaa. Vijana Jazz ikaja 1971. Polisi walikuwa na bendi, Magereza, JKT, Bima, mpaka UDA ya mabasi! Mlimani Park ilianzishwa 1978 na kampuni ya teksi, ikachukuliwa na DDC mwaka 1983, na jina lake lilitokana na baa ya huku kwetu, sio mbali na Mwenge. Fikiria, ule ushindani wote wa Sikinde na Msondo ulikuwa ni wa watu wanaolipwa mshahara mwisho wa mwezi. Kutoka Zaire wakaja Maquis, akaja Remmy Ongala mwaka 1978, wakaongeza moto.

Kilichoadimika ni bia. Safari Lager ilitoka 1977, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa haina sabuni, seuze bia. Foleni, kujuana, kreti la mlango wa nyuma. Baba yangu mdogo anasema harusi ilipimwa kwa idadi ya makreti, sio kwa ubora wa bibi harusi. (Nimemwambia atubu.) Mwaka 1993 Waafrika Kusini wakaingia ubia kwenye kiwanda, Kilimanjaro ikatoka 1996, na baa zikaota kila kona. Redio binafsi zikaleta disko na Bongo Fleva, na mashirika yaliyokuwa yanalisha bendi yakauzwa au yakafa. Dansi likabaki na wazee na sisi wachache wenye masikio ya kizee.

Na mjini penyewe? Nenda Posta saa tatu usiku ukaone. Walinzi, paka, na mtu mmoja anasubiri basi. Watu wanaishi mbali, na baa zimewafuata huko huko Sinza, Kinondoni, Tabata, Mbezi. Waliokulia miaka ya 1990 wanaikumbuka Bilicanas, mtaa wa Mkwepu, klabu iliyowatoa watu mitaani kwao ikawaleta katikati ya jiji. Septemba 2016 Shirika la Nyumba lilimwondoa mpangaji kwa madai ya deni la kodi, na jengo likabomolewa baadaye. Arnautoglu bado imesimama. Siku hizi ni ya vikao zaidi, na wengi wanaitamka "Anatoglo" bila kujua ni jina la mtu.

Nimeshamwambia mwenzangu kwamba kwenye mazoezi ya kufundisha mada ya harakati za uhuru nitaianzia Jumamosi usiku Mnazi Mmoja, na mkaguzi akija akakuta nimeandika ubaoni neno "pombe" atajua mwenyewe. Sasa naomba msaada wenu. Kama una babu au bibi aliyewahi kucheza Arnautoglu, au aliyekuwa anapika pombe Kariakoo au Ilala miaka ya 1950, muulize mambo matatu: kiingilio kilikuwa kiasi gani, walivaa nini, na walirudije nyumbani usiku. Niandikie. Picha pia, hata kama imeliwa na mende pembeni.

Haya, taa inazimwa, mwenzangu wa kitanda cha juu ameanza kulalamika.